Mtoto anakoroma na kukohoa, bibi yake anataka akatwe kimeo. Kwa sisi wa Ikungi, Singida, bingwa wa masikio, pua na koo tunampata wapi?

MkamuaAlizeti:

Wakuu habari za jioni. Naomba mawazo, hasa kwa walio kwenye fani au waliowahi kupitia hili.

Nina kijana wangu, katimiza miaka minne Februari hii. Tangu masika ya mwaka jana anakoroma usiku kunizidi mimi baba yake. Analala mdomo wazi, udenda unalowesha mto, anajigeuza usiku kucha. Kuna wakati pumzi inakatika kabisa, kimya, halafu anashtuka na kuvuta hewa kwa nguvu. Mama yake siku hizi analala kamwekea mkono kifuani. Kamasi haziishi, na kikohozi kinazidi akilala chali. Juu ya hayo, ukimwita hageuki. Tulikuwa tunamgombeza tukidhani ni ukaidi, hadi mwalimu wake wa chekechea akasema huyu mtoto anaitikia akiwa anakuangalia tu. Sikio la kushoto nalo huwa linatoa usaha, linakauka, linaanza tena.

Zahanati tumeenda sana. Tunapewa amoksilini, anapata nafuu, baada ya muda tuko pale pale. Mara ya mwisho nikaambiwa nimpeleke kwa bingwa wa masikio, pua na koo. Nikauliza yuko wapi, nikajibiwa "jaribu Dodoma". Hakuna barua, hakuna jina la hospitali.

Sasa mama yangu mzazi amekuja kutoka Iguguno. Kammulika dogo mdomoni kwa tochi ya simu, akasema kimeo, kile kinyama kinachoning'inia kooni, kimeshuka hadi kinagusa ulimi, ndicho kinachomkohoza. Kuna mzee anakata vimeo, anatoza elfu kumi na kuku, anakuja hadi nyumbani. Mimi mwenyewe nilikatwa utotoni, wadogo zangu wote walikatwa, na mama anauliza mbona mpo hai. Mke wangu hataki hata kusikia habari hiyo. Mimi nimebanwa katikati, na mzee anakuja Jumamosi.

Hela nayo ni tatizo. Ninaendesha mashine ya kukamua alizeti, na hapa ninapoandika mashine imelala, magunia ya msimu mpya bado yako shambani. Nina kadi ya kaya ya CHF iliyoboreshwa, yaani mfuko wa afya ya jamii, lakini nimeambiwa Dodoma haitafanya kazi.

Kwa hiyo naomba kujua: kimeo ndicho chanzo kweli? Nianzie wapi? Na nikisubiri hadi tuvune, yaani Juni hivi, nitakuwa nimemkosea mtoto?

KijanaWaMandewa:

Mkuu usidharau mila. Mimi nilikatwa nikiwa darasa la pili, kikohozi kilichonisumbua mwezi mzima kikaisha ndani ya siku nne. Hao mabingwa utapanga foleni, utaandikiwa vipimo vya laki, mwisho wanakupa dawa ya mafua. Mzee wa elfu kumi anakuja mlangoni. Fikiria.

NesiMstaafu:

Mwanangu MkamuaAlizeti, huyo mzee Jumamosi asije. Mpigie leo, mwambie mtoto ana homa, au umesafiri, sema lolote. Mengine tutazungumza taratibu.

Nimestaafu uuguzi, na sehemu kubwa ya kazi yangu nimeifanya kliniki na chumba cha upasuaji cha masikio, pua na koo. Nimepokea watoto waliokatwa vimeo, na nitakueleza ninachokijua kwa macho. Damu ya kooni haionekani. Mtoto anaimeza. Nyumbani mnaona ametema kidogo, mnafurahi, mnampa uji. Usiku anatapika damu nyeusi iliyoganda, asubuhi analetwa kope za ndani zimekuwa nyeupe, mapigo yanakwenda mbio, na hapo ndipo tunaanza kuhangaika kutafuta damu ya kundi lake. Hao ni waliowahi. Wengine wanakuja baada ya siku kadhaa na homa kali, koo limevimba, hawawezi kumeza hata mate. Kisu ni kile kile kilichoingia kwenye koo la mtoto wa jirani wiki iliyopita, na unajua mwenyewe ni magonjwa gani yanasafiri na damu. Pepopunda pia ipo.

Nakuja kwa mama yako. Hajasema uongo. Alichokiona amekiona. Mtoto anayepumulia mdomo usiku kucha koo lake linakauka, kimeo kinavimba, kinaonekana kirefu na chekundu. Ila kinachosababisha hayo kiko juu zaidi, mahali ambapo tochi ya simu haifiki. Nyuma kabisa ya pua, juu ya kimeo, kila mtoto ana nyama ambazo wengi mnaziita nyama za puani. Kazi yake ni kusaidia kinga. Kwa watoto wengi zinakuwa kubwa zaidi kati ya miaka mitatu na saba, kisha zinasinyaa zenyewe kadiri wanavyokua. Kwa baadhi yao zinakua hadi zinaziba njia. Mtoto akizibwa hapo anakoroma, analala mdomo wazi, kamasi zinashindwa kutoka mbele zinateremkia kooni, ndiyo maana kikohozi kinazidi akilala chali. Na pembeni ya nyama hizo ndipo ulipo mlango wa mrija unaopitisha hewa kwenda sikio la kati. Ukizibwa, maji yanakusanyika nyuma ya ngoma ya sikio, mtoto anasikia kwa mbali, na wadudu wakiingia humo unapata usaha. Mlimgombeza bure, maskini, anasikia sauti kama mtu aliye chini ya maji.

Sisemi nimempima. Kikohozi kirefu cha mtoto kina sababu nyingi: pumu, kifua kikuu, hata punje ya karanga iliyoingia kwenye njia ya hewa miezi iliyopita na hakuna aliyeona. Hiyo ya karanga nimeishuhudia, mtoto ameshakatwa kimeo na bado anakohoa, daktari akaingiza kamera akaitoa karanga. Ndiyo sababu anatakiwa aonwe na mtu mwenye vifaa.

Kitu cha kufanya usiku wa leo hakina gharama. Dogo akishalala vizuri, mvue fulana, washa taa, mrekodi kwa simu dakika mbili tatu, sauti isikike na kifua kionekane. Subiri hadi ile pumzi ikatike. Video hiyo ina thamani kuliko maelezo yako yote, kwa sababu kliniki mtoto anakuja macho makavu, anacheza, anaonekana mzima. Daktari akiona mbavu zinavyobonyea ndani na pumzi inavyokatika, hakuna tena ubishi kuhusu foleni.

Kuhusu Juni. Angekuwa anakoroma tu, ningekwambia vuna kwanza. Kukatika pumzi usingizini sikushauri usubiri. Na kuna jambo jingine ambalo wazazi wengi hawalipigii hesabu: sera ya serikali inasamehe gharama kwa watoto walio chini ya miaka mitano kwenye vituo vya umma. Wako ana minne. Akishazima mshumaa wa tano, dirisha hilo limefungwa. Dawa nyingine utaandikiwa ukanunue nje, sikufichi, lakini dai haki hiyo kwa adabu tangu dirisha la kwanza, usingoje hadi ukabidhiwe bili. Beba cheti cha kuzaliwa au kadi ya kliniki yenye tarehe. Pia chukua barua ya mtendaji wa kijiji inayoeleza hali yako ya kipato, ukifika hospitali uliza ofisi ya ustawi wa jamii kabla ya kitu kingine chochote. Watu wanaogopa jina la ofisi hiyo, wanadhani ni ya ombaomba. Ndiyo kazi yake.

Na mama yako usimwache nyumbani. Nenda naye. Najua nauli inaongezeka, lakini msikilize mtu aliyekaa miaka mingi kwenye kliniki hizi: mkienda wawili na mke wako mkarudi na karatasi, bibi ataziona karatasi, na wewe ukisafiri kwenda kutafuta alizeti mzee wa vimeo ataitwa. Akikaa yeye kwenye kiti, akaonyeshwa picha ya eksirei ile nyama ilivyojaa, yeye ndiye atakayewazuia majirani.

AfisaTabibu_Pembezoni:

Dada Nesi kamaliza mengi, shikamoo kwake. Mimi niko upande ule mwingine wa meza, ni afisa tabibu kwenye kituo cha afya huku pembezoni, kwa hiyo niseme kidogo kwa niaba ya zahanati inayolaumiwa.

KijanaWaMandewa, kikohozi chako kilikuwa kimeshatimiza mwezi. Vikohozi vingi vya watoto vinavyoletwa na mafua huisha vyenyewe ndani ya wiki tatu nne hivi, ukatwe usikatwe. Mzee alikuja mwishoni, akachukua sifa na kuku.

Kwa usaha wa sikio mwongozo wetu wa kutibu watoto wagonjwa uko wazi. Usaha wa chini ya siku 14 ni maambukizi ya ghafla, mtoto anapewa antibayotiki ya kumeza, na amoksilini iko sahihi. Ukivuka siku 14 ni sugu, na hapo vidonge havisaidii sana. Kinachosaidia ni kukausha sikio na kuweka dawa ya matone, siprofloksasini ya masikio, kwa siku 14. Tatizo tunatoa matone bila kukausha. Dawa inaelea juu ya usaha, haifiki kokote.

MkamuaAlizeti, fanya hivi usaha ukirudi. Nawa mikono. Chukua kitambaa cha pamba kilichofuliwa na kukauka juani, au karatasi laini inayonyonya, kata kipande chembamba, kisokote kiwe na ncha. Vuta sikio juu na nyuma kidogo, ingiza ncha taratibu, kiache kinyonye, kitoe kimelowa, tupa. Sokota kingine. Rudia hadi kitoke kikavu. Ndipo udondoshe dawa, mtoto akiwa amelalia upande mwingine, akae hivyo dakika chache. Mara tatu kwa siku. Usitumie vijiti vya pamba vya dukani, vinasukuma uchafu ndani. Usimwagie mafuta ya alizeti, najua unayo mengi! Wala maji ya kitunguu, wala maziwa. Akioga, maji yasiingie sikioni. Na matone ya jentamaisini ambayo maduka ya dawa hupenda kuuza usiyanunue kiholela, ngoma ikiwa imetoboka yanaweza kudhuru usikivu.

Ukiona uvimbe wenye maumivu nyuma ya sikio, sikio limesukumwa mbele, au homa na shingo ngumu, au uso umepinda upande mmoja, hiyo si ya kukausha nyumbani. Ni hospitali siku hiyo hiyo. Na usaha wenye harufu mbaya ya kuoza usioisha kwa miezi aonwe na bingwa, maana kuna ngozi huota ndani ya sikio la kati, inakula mifupa midogo ya usikivu, na dawa haiiondoi, inaondolewa kwa upasuaji.

Sasa kwa nini hatukukuandikia barua? Sijui kwa zahanati yenu, nasema ya kwangu. Otoskopu, kile kitochi cha kuchungulia sikio, tunacho kimoja na betri zake zilikufa zamani. Nikiangalia sikio kwa tochi ya kichwani naona tundu na nta. Nikiandika "apelekwe kwa bingwa" nakuwa nakisia. Na bingwa nikimuuliza mganga mkuu wa wilaya yuko wapi, jibu linabadilika kila mwaka kwa sababu wanahamishwa, wanaenda kusoma, wanaenda binafsi. Muhimbili wanapandikiza vifaa vya usikivu ndani ya sikio tangu 2017, wakati zamani watoto hao walipelekwa India, na mimi kama Mtanzania najivunia kabisa. Lakini kati ya Muhimbili na otoskopu yangu yenye betri mfu hapo katikati kuna nafasi kubwa, na watoto wengi wanapotelea humo. Wanaopandikizwa ni waliokwishapoteza usikivu. Wa kwetu wangeweza kuuokoa kwa kitambaa kilichosokotwa na chupa ya matone.

Shirika la Afya Duniani katika ripoti yake ya usikivu ya 2021 lilisema watu zaidi ya milioni 430 wanahitaji huduma kwa sababu ya kupoteza usikivu, na karibu asilimia 80 wako kwenye nchi za kipato cha chini na cha kati. Majirani zetu Malawi walikaa miaka na daktari mpasuaji mmoja tu mzawa wa masikio, pua na koo, na walichofanya ni kufundisha maafisa tabibu kama mimi kazi hizo ili wawe wilayani. Mimi ningeenda kusoma kesho.

Kuhusu kadi yako uliyoambiwa ni kweli: CHF iliyoboreshwa inaishia hospitali ya rufaa ya mkoa. Ila usiidharau kwa sababu hiyo. Anza na hospitali ya mkoa pale Singida mjini. Kumwona daktari, eksirei ya pembeni ya shingo na vipimo vya damu vifanyike huko kwa kadi, au kwa msamaha wa umri. Uliza kama sasa hivi wana bingwa wa masikio, pua na koo, au kama kuna anayekuja kwa ratiba. Wasipokuwa naye, hapo ndipo unadai barua ya rufaa kwenda hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma. Barua iwe na mambo haya: anakatika pumzi usingizini, usikivu umepungua, sikio linatoa usaha kwa kurudia. Ukifika na barua ya mkoa na picha mkononi umeruka nusu ya safari. Na kabla ya kupanda basi piga simu uulize siku za kliniki hiyo. Nimeona mtu kasafiri, kafika siku ya kliniki ya macho.

BintiWaMalindi:

Poleni sana huko. Niko Kenya, nimesoma nikaona ni kama mtoto wangu anaelezwa. Msichana wangu alikuwa hivyo hivyo, akikoroma hadi jirani wa chumba cha pili analalamika. Hapa kwetu KMTC, chuo cha serikali cha mafunzo ya tiba, wanafunza maklinikal ofisa (nyinyi mnawaita maafisa tabibu) kazi ya masikio, pua na koo, kwa hiyo hospitali ya kaunti tulimpata mmoja, hatukuhitaji kwenda Nairobi. Alipigwa eksirei, ikaonekana nyama zimeziba lakini si zote. Hakupasuliwa. Tulipewa dawa ya kupuliza puani ya steroidi, tukaambiwa kila siku bila kuruka kwa wiki kadhaa, na kuosha pua kwa maji ya chumvi kabla yake.

Nikuambie siri ya hiyo dawa kwa sababu mimi nilionyeshwa na muuguzi na nikaona tofauti. Mtoto ainamishe kichwa mbele kidogo, asiangalie dari. Mdomo wa chupa uelekee upande wa nje, kama unalenga jicho au sikio la upande ule ule, usilenge ukuta wa katikati ya pua, ukilenga hapo atatoka damu. Asivute kwa nguvu hadi aionje kooni. Mimi nilikuwa napuliza na mkono wa kulia pua ya kushoto, na wa kushoto pua ya kulia, ndipo ikaenda sawa.

Lakini wangu hakuwa anakatika pumzi. Huyo wako msikilize Nesi.

NesiMstaafu:

Binti wa Malindi, umeeleza vizuri kuliko wengi wanaolipwa kueleza. Niongeze tu, kuna matone mengine ya kuzibua pua yanauzwa kila duka la dawa, yanafungua pua dakika hiyo hiyo na wazazi wanayapenda. Hayo si ya zaidi ya siku chache. Yakizidi, pua inayazoea, inaziba kuliko mwanzo. Msichanganye na hiyo ya steroidi, ambayo haionyeshi kitu wiki ya kwanza na watu wanaitupa.

KijanaWaMandewa:

Sawa wakuu, nimesoma. Elfu kumi na kuku nimefuta kauli. Ila foleni ni foleni.

MkamuaAlizeti:

Wakuu nimerudi. Mzee wa vimeo nimemwahirisha, nimesema mtoto ana homa, na Mungu anisamehe kwa sababu jana homa ikaja kweli.

Video nilichukua. Niliangalia na mama sebuleni. Pale pumzi ilipokatika akasema "haa", akainuka akaenda jikoni, hakurudi kwa muda. Kesho yake ndiye aliyeniuliza basi la Singida linapita saa ngapi.

Mkoani tumeenda watatu, mke kabaki na mdogo. Siku hiyo bingwa hakuwepo, akatuona daktari wa watoto, nikampa simu. Hakumaliza video, alisema imetosha. Eksirei imepigwa. Alituonyesha kwenye mwanga, kuna mstari mweusi wa hewa unaoshuka nyuma ya pua, kwa dogo mstari unafika mahali unakuwa uzi. Mama alitaka kuonyeshwa mara mbili, akauliza sasa kimeo ni kipi hapo. Akaonyeshwa. Akasema kumbe kiko chini ya ugomvi.

Barua ya rufaa ninayo, ina mambo yote matatu, ya Benjamin Mkapa. Nimepewa siku ya kliniki, ni Jumanne ijayo. Barua ya mtendaji pia ninayo, kaniandikia bila maneno mengi, ila muhuri wake unafifia sana sijui kama watausoma.

Naomba Nesi aniambie mambo mawili. Je, wanaweza kumpasua siku hiyo hiyo? Na homa hii ya jana niseme au ninyamaze, nisije nikarudishwa baada ya nauli yote hii?

NesiMstaafu:

Mwanangu, homa sema. Tena isemwe kabla hujaulizwa. Mtoto mwenye homa au kifua kibichi akipewa dawa ya usingizi njia ya hewa inaweza kubana, na huyo wako njia yake tayari ni uzi kama ulivyosema. Wakiahirisha upasuaji kwa wiki mbili tatu wanamlinda. Kliniki yenyewe hawatakurudisha kwa sababu ya homa, nenda Jumanne.

Kupasuliwa siku hiyo hiyo usitegemee. Jumanne ataonwa, wataangalia masikio kwa darubini au otoskopu yenye betri (samahani Afisa Tabibu), huenda wakapima usikivu, wataangalia wingi wa damu, kisha utapewa tarehe. Uliza mapema kama tarehe ni ya karibu au ya mbali, na uwaambie kwa maneno yako mwenyewe: "anakatika pumzi". Tarehe za wanaokatika pumzi hazipangwi pamoja na za wanaokoroma. Kama nyuma ya ngoma kuna maji, uliza pia kama watayanyonya katika usingizi huo huo, ili asilazwe mara mbili.

Siku ya upasuaji hatakula tangu saa watakayokutajia, na hapo ndipo bibi wanaponiharibia kazi, wanaona mtoto analia njaa wanampa chai kwa siri. Mwambie mama yako mapema, na umweleze sababu: akitapika akiwa usingizini, matapishi yanaingia mapafuni. Kwa kuwa mtoto anakatika pumzi, usishangae wakitaka alale wodini usiku mmoja waangalie anavyopumua. Jiandae kwa hilo, beba kanga mbili na chupa ya uji. Mkirudi nyumbani, akitema damu mbichi au ukimwona anameza meza mfululizo akiwa usingizini, usingoje asubuhi. Huko kumeza ndiko nilikokwambia mwanzo, damu inashukia tumboni.

Muhuri unaofifia usikutie hofu. Mtendaji aandike na namba yake ya simu chini ya sahihi, ustawi wa jamii wakitaka watampigia.

MkamuaAlizeti:

Shikamoo mama, nimeshika yote. Mama yangu ameomba nimsomee tena pale pa chai. Anasema hiyo inamhusu.

MamaPacha_Kibaigwa:

Samahani kwa kuingilia uzi wa watu lakini nimeona kuna Nesi. Mwanangu wa miaka mitatu ameingiza punje ya harage puani sasa hivi, naiona kwa mbali. Baba yake anataka nimwekee maji ailainishe itoke. Nifanyeje?

NesiMstaafu:

Maji hapana! Harage likilowa linavimba, litakwama kabisa. Wala usijaribu kulichokoa kwa kijiti au pini ya nywele, utalisukuma nyuma liangukie kwenye njia ya hewa.

Mkalishe mapajani mwako, mtulize. Mwambie unataka kumbusu. Ziba kwa kidole ile tundu ya pua isiyo na kitu, weka mdomo wako juu ya mdomo wake uzibe vizuri, kisha puliza pumzi moja fupi yenye nguvu. Mara nyingi linaruka lenyewe na kukuangukia shavuni. Likikataa mara mbili tatu, acha, mpeleke kituo cha afya, na njiani asilie kwa kichwa kilichoinuliwa nyuma.

Na hakikisha ni harage kweli. Kama kuna uwezekano ni betri ndogo ya saa au ya mdoli, acha hata hilo la kupuliza, toka nyumbani sasa hivi na uwaambie mapokezi neno "betri" kabla ya salamu. Ile inaunguza pua kwa saa chache tu.